Kamera Inayofikiri Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Nina kamera! Kamera ya mkanda, ya chuma, nzito kama pasi, imevaa ngozi nyeusi iliyobanduka kona moja. Nimeipata kwa fundi saa wa mtaa wa nyuma, yule anayepanga dirishani kila kitu ambacho wenyewe hawakurudi kukichukua. Nashukuru sana. Namshukuru fundi, naishukuru na miguu yangu iliyopita njia ndefu leo bila sababu.

Sababu ya kamera naiweka wazi hapa, kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Tajiri wetu, mwenye saluni, anakwenda kukaa na binti yake aliyejifungua mapacha. Atakaa huko muda mrefu, pengine moja kwa moja. Saluni anataka kumwachia mmoja wetu aisimamie. Mimi au Wifi. Tupo wawili tu, viti viwili, kioo kimoja kirefu. Wifi ni mdogo wake mume wangu. Anasuka haraka, hachelewi kazini, hasemi sana, na wateja wanadai mikono yake haiumi. Mimi pia nasuka vizuri. Nikisuka mimi mteja analia kidogo, lakini nywele zinakaa.

Kwa hiyo Tajiri akiamua leo, nimekwisha.

Ndipo likaja wazo. Ukuta wa saluni uko mtupu, una kalenda ya mwaka juzi na msumari. Nitaupamba kwa picha kubwa za mitindo niliyosuka kwa mkono wangu. Si picha za simu, ambazo kila mtu anazo na hakuna anayezitazama mara mbili. Picha za karatasi, za kushika! Tajiri aingie, ashike kifua, aseme: kumbe ni huyu.

Fundi alinieleza kwamba kamera hii ina tabia zake. Alisema mengi. Kuna jambo kuhusu kidirisha cha kuchungulia, jambo kuhusu mgongo, na jambo kuhusu kile kishikio cha kuvutia mkanda, kama kinavutwa mara moja au mara moja na nusu. Mwenyewe hakuwa na hakika. Nilikuwa naitikia tu, macho yangu yako kwenye lenzi. Kamera ni kamera.

Fedha hatukupeana. Redio ya Baba Watoto ilikuwa kwa fundi tangu mwaka jana, inasubiri kipuri. Tumebadilishana. Mume wangu nitamwambia ukifika wakati unaofaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempiga picha kila aliyekaa kwenye kiti changu. Karani wa posta, mistari ya kulala nyuma. Mama muuza vitambaa, rasta ndefu hadi kiunoni. Mwanafunzi wa chuo, mabutu yaliyopangika kama mayai kwenye trei.

Tabia ya kwanza nimeigundua mwenyewe. Kitufe hakiitiki papo hapo. Unabonyeza, kimya. Mteja anatabasamu hadi mashavu yanatetemeka. Kimya. Unaishusha uitazame ina nini, ndipo inalia kacha! Imepiga goti lako.

Wifi aliuliza kwa upole kama kamera inaumwa. Nikamjibu kwamba mashine za maana hufikiri kwanza. Akasema, haya. Akaendelea kusuka. Alisuka vichwa viwili nikiwa bado nabembeleza kitufe kwa kimoja. Sina kinyongo. Namshukuru hata kwa kuuliza. Angalau sasa ana hofu.

Namba iliyo juu ya kamera ilikuwa inapanda vizuri kila nikivuta. Mkanda umekwisha. Nimeupeleka studio kusafishwa.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna hata picha moja.

Mwenye studio ni mzee mmoja mrefu, ananuka dawa, hajawahi kucheka tangu nimfahamu. Alining'inizia mkanda kwenye taa. Mweupe kama kioo cha dirisha. Akasema mkanda wangu haujaona kitu chochote duniani. Ulikuwa haukunasa kwenye meno ya kile kigurudumu cha ndani, na mimi siku nzima nilikuwa navuta hewa.

Nikamuuliza, na ile namba iliyokuwa inapanda? Akasema namba inahesabu kuvuta, haihesabu picha.

Mabutu yale! Yule binti wa chuo amekwenda zake, na ninavyomjua atakuwa ameshayafumua.

Lakini nashukuru, kwa sababu mzee hakunitoza kitu. Alisema hawezi kutoza kwa kusafisha hewa. Tena amenitilia mkanda mpya mwenyewe, akanionyesha kwamba ukivuta, kile kishingo cha kurudishia mkanda, cha upande wa pili, sharti kizunguke. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, unajidanganya. Nimerudi saluni navuta na kubonyeza njia nzima nikione kikizunguka, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mkanda mzuri nimeumaliza kiasi kwa majaribio hayo, na humo ndani kuna picha za barabara.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilimpiga Baba Watoto kwa majaribio, amekaa mlangoni anachana ndevu. Akafurahi. Akauliza nimeazima wapi kamera. Nikasema kwa fundi saa. Akasema, aa, ukimwona muulizie redio yangu. Nikasema nitamuulizia. Nikamwekea chai nyingine bila kuombwa.

Saluni ilijaa. Alikuja yule muuguzi wa zahanati, kichwa chake ni kizuri kuliko vyote mtaani, mviringo, shingo ndefu. Nikamsuka kwa roho yangu yote. Alilia, akavumilia. Kisha nikampiga picha, kamera ikafikiri, akavumilia tena. Huyu ndiye atakaa katikati ya ukuta!

Nilimwona Wifi kwenye kioo ananitazama. Aliniambia nichunge, mgongo wa kamera umeachia kidogo, unaonekana mwanya. Nikaubana kwa kidole. Wivu una macho makali, nikajisemea.

Jumanne, 11 Machi

Picha zimetoka! Picha za kweli, za rangi, zinang'aa. Niliichana bahasha hapo hapo kwenye ngazi za studio.

Hakuna vichwa.

Namaanisha hivyo hivyo nilivyoandika. Shingo zipo. Mikufu ipo. Vifungo vya blauzi vinahesabika kimoja kimoja. Karani wa posta alikuwa amerudi kupigwa tena, na ninachoweza kumtambua nacho ni kalamu mfukoni. Mimi ni msusi! Nimepiga picha za kila kitu kwa mteja isipokuwa mahali ninapofanyia kazi. Na juu ya kila picha umepita mstari mwekundu kama mtu kamwaga sharubati. Ule mwanya.

Kichwa kimoja tu kimetoka. Cha muuguzi. Sijui kilipataje nafasi, pengine nilikuwa nimejikwaa. Lakini nilipoisogeza picha karibu nikaona muuguzi ana ndevu. Ndevu nazijua. Mwenye ndevu hizo nimemfulia mashuka. Baba Watoto amemkalia muuguzi usoni, kitana mkononi, anatabasamu kupitia kwenye paji lake la uso. Kumbe kishikio ni cha mara moja na nusu. Mimi nilivuta mara moja.

Nilipofika saluni, kabla sijazificha, Tajiri akaingia. Akaomba kuona. Akazipitia taratibu, moja baada ya nyingine, shingo, shingo, shingo. Akasema nguo ni nzuri, akauliza zinauzwa wapi.

Hakuifikia ya muuguzi. Niliidondosha kwenye ndoo ya maji makusudi. Nashukuru kwamba ndoo ilikuwa karibu.

Jumatano, 12 Machi

Ndoo haikusaidia. Wifi alikuwa anadeki, akaiokota ile picha, akaianika dirishani. Kwa nia njema! Hiyo ndiyo shida ya Wifi, huwezi hata kumkasirikia. Muuguzi akapita njiani kwenda kazini, akajiona dirishani ana ndevu. Akaingia. Akauliza huyu mwanamume ni nani na anafanya nini ndani ya uso wake.

Nilianza kueleza habari za kishikio. Hazieleweki haraka. Wifi ndiye aliyesema, "Huyo ni kaka yangu, mume wa huyu, na kama ungemjua ungeona kwamba ndevu zimekupendeza wewe kuliko yeye." Muuguzi akatazama tena. Akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa. Ameiomba picha akawaonyeshe wenzake zahanati. Nimempa. Imekuwa ndiyo picha yangu ya kwanza kutakwa na mtu.

Habari zikamfikia Baba Watoto kabla sijafika nyumbani. Alikuwa amenisubiri. Hakuzungumzia muuguzi kabisa. Alisema amepita kwa fundi saa.

Nikajua nimekwisha. Nikakaa. Nikaungama yote, redio, kubadilishana, ukuta, Tajiri, hata yale ambayo hakuniuliza. Akanisikiliza. Halafu akasema redio ile aliipeleka kwa fundi kwa sababu ilikuwa ya marehemu baba yake, haisikiki, na hakuwa na moyo wa kuitupa. Alikuwa anaomba fundi aipoteze. Akasema nimemtua mzigo.

Nilimtazama mume wangu, nikaona jinsi nilivyobahatika. Kisha nikaudhika kidogo. Wasiwasi wote ule, bure!

Ijumaa, 14 Machi

Leo mvua, wateja hakuna. Wifi alizitandaza zile picha za shingo juu ya meza ya draya, akachukua kitana chenye mkia, akaanza kupima. Aliniuliza nilipochungulia nilikuwa naona nini juu ya kichwa cha mteja. Nikasema kalenda. Akasema kwenye picha kalenda haimo hata moja, na chini mmeingia viatu ambavyo sikuviona. Kwa hiyo kidirisha kinatazama juu, lenzi inatazama chini. Zinagombana. Ukitaka kichwa, lenga dari.

Lenga dari! Kitu chepesi namna hiyo! Nilikasirika kwamba si mimi niliyekiona. Nikatoka nje, nikasimama barazani hadi hasira ikanyeshewa, nikarudi, nikamwambia ahsante. Ahsante yenyewe ilitoka kwa shida kama rasta iliyonasa kwenye hereni, lakini ilitoka.

Akavua mpira wa zambarau aliofungia nywele zake, akaubana kuzunguka mgongo wa kamera. Mwanya umekufa.

Sasa naijua. Vuta mara moja, kisha kidogo, usikie inaguna. Tazama kishingo kinazunguka. Lenga dari. Bonyeza, subiri, usiishushe hata kama nyumba inaungua. Inataka kuheshimiwa tu, kama mzee yeyote.

Na mpango mpya ninao, mzuri kuliko wa kwanza. Mama mkwe wangu na Tajiri ni mashoga tangu usichana, walipanga chumba kimoja. Mama akining'inia ukutani amesukwa na mimi, Tajiri ataweza kusema nini? Nimempigia Mama simu kwa siri. Nimemwambia aje Jumapili, saluni imefungwa, aje peke yake, Wifi asijue.

Jumapili, 16 Machi

Mama alikuja. Na Wifi. Kuna jambo dogo lilinipita: Mama anaishi kwa Wifi, na simu niliyompigia kwa siri ni ya Wifi.

Hapa inabidi nieleze. Mwaka jana Mama aliugua. Dawa alizopewa zikampukutisha nywele zote. Zimeota upya, lakini tangu hapo hatoki nje bila kitambaa kichwani, na picha hataki kabisa. Siku tulipopiga picha ya familia alisimama nyuma ya mlango akasema anatafuta kiatu. Mimi haya yote nayajua. Niliyajua nilipopanga mpango wangu.

Alikaa kwenye kiti changu. Akakifungua kitambaa mwenyewe, taratibu, akakikunja, akakitundika kwenye ndoano ya aproni. Nywele zake ni nyeupe zote, laini, fupi, kama za mtoto mchanga. Nilikuwa na kitana mkononi. Nikasahau nilikuwa nataka nini.

Mama akasema, "Mtanisuka wote wawili. Kila mmoja upande wake. Sitaki maneno kati ya wanangu."

Tukaanza. Mimi kulia, Wifi kushoto. Mimi nikashika mistari ya kwenda nyuma, Wifi akashika ya kukata upande, na hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, kwa hiyo kichwa cha Mama kikawa na mpaka katikati kama nchi mbili. Baada ya muda nikaona mkono wa Mama umekamata mkoba kwa nguvu. Mkono wa upande wangu. Wifi alinitazama kwenye kioo.

Nikalegeza vidole. Nikasuka kwa ulaini ambao sikujua ninao. Nilikuwa nachukua nywele chache chache kama anayeokota mchanga. Mkono wa Mama ukauachia mkoba.

Halafu ikaja picha. Mkanda mpya ulikuwa umebakiwa na nafasi moja. Nyingine nilizimaliza jana kwa mazoezi, nimepiga dari. Mama akakaa wima kama anayeapishwa. Macho mbele, mdomo umefungwa. Kichwa wazi mbele ya kamera, kwa mara ya kwanza tangu augue, na mikono mapajani. Nilivuta mara moja, na kidogo. Ikaguna. Kishingo kikazunguka. Nikalenga juu. Nikabonyeza.

Kimya.

"Tayari?" akauliza Mama bila kufungua meno.

"Bado, Mama."

"Sasa?"

"Bado kidogo. Usitikisike."

"Mwanangu, mimi nitakufa nimekaa hivi."

Nilimwona anaanza kuchoka, jicho lake limeshakwenda kwenye kitambaa pale ndoanoni. Nikajua akikichukua tu basi, hatakaa tena. Nikapandwa na wazimu. Nikaifokea kamera mbele ya mama mkwe wangu: "We kizee cha chuma, unangoja nini? Upelekewe kadi ya mwaliko? Upikiwe? Mama wa watu kakaa, katulia, kapendeza kuliko wewe na ukoo wako wote, fungua hilo jicho!"

Mama alicheka. Si kicheko cha kuniridhisha. Aliangua, mabega yakapanda, msuko mmoja wa Wifi ukafumuka kwa mbele, Wifi akainama kuurudisha.

Kacha.

Sijui imepiga nini. Pengine goti.

Jumatano, 19 Machi

Nilipoingia studio yule mzee hakunipa bahasha. Alinipa picha kubwa, saizi ya kuning'iniza, na sikuwa nimeomba kubwa. Akasema mkono wake ndio uliokwenda kwenye karatasi kubwa, mimi nisimuulize. Hakucheka. Lakini alipangusa miwani.

Mama yuko katikati. Kichwa chote kimo, mpaka wa nchi mbili na yote. Amecheka hadi macho yamezibika. Mkono wa Wifi uko kwenye nywele zake, na uso wa Wifi umeinama karibu kabisa na shavu la mama yake, unacheka naye. Nyuma yao kuna kile kioo kirefu, na ndani ya kioo nimo mimi. Mdomo wazi nafoka, kamera imefungwa mpira wa zambarau, mshipa wa shingo umenitoka. Tumo wote watatu.

Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii. Tuseme ukweli, sikuipiga mimi. Mimi nilibonyeza mapema, ikiwa bado hakuna kitu cha kupiga. Yenyewe ndiyo iliyongoja.

Jioni Mama alipita saluni, akakitundika kitambaa kwenye ndoano ile ile. Nikampa. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatugeuzia mgongo. Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Huyu ni mimi?" Akaisogeza karibu na macho. Akasema, "Nimefanana na mama yangu." Kisha akaitia mkobani, kona moja imechungulia nje, akaaga, akaondoka.

Kitambaa chake kilikuwa bado kwenye ndoano. Wifi alikichomoa akakimbilia mlangoni amfuate. Akafika kizingitini, akasimama. Mama alikuwa anavuka barabara, kichwa wazi, anamwamkia mwenye duka la viatu. Wifi akarudi ndani. Akakitundika kitambaa palepale kilipokuwa.

Nimshukuru nani hapa? Ni wengi mno.

Na ukuta bado ni mtupu, maana picha kaondoka nayo. Nimeagiza nyingine.

Ijumaa, 21 Machi

Tajiri alikuja asubuhi, amevaa vizuri. Akakaa kwenye kiti cha kungojea, akatuita tukae. Alisema jana alikuwa kwa Mama, ameiona picha sebuleni, na kwamba alilia mpaka Mama akamwambia anamharibia mto wa kochi. Nikajinyoosha. Nikaweka uso wa unyenyekevu, ule nilioufanyia mazoezi.

Kisha akasema picha ni picha na saluni ni saluni. Atamwachia Wifi.

Nikampongeza Wifi. Nilimkumbatia vizuri kabisa. Nikasema nashukuru, sijui kwa nini, neno lilitoka lenyewe. Nikaenda uani kufua taulo.

Wifi akanifuata baadaye. Akasimama pembeni ya karo.

"Wifi," akaniita, "hizo taulo nilizifua asubuhi."

"Zina vumbi."

Akachukua taulo moja, akaanza kukamua. "Mimi nilimwambia Tajiri sichukui kama wewe utahama kiti cha mlangoni."

"Kiti kina nini?"

"Mimi nikikaa mlangoni watu wanadhani tumefunga." Nikataka kucheka, nikajizuia. Akaendelea kukamua taulo ambayo haikuwa na maji tena. "Kwangu wanakuja kusukwa, wanaondoka. Kwako wanakuja hata nywele zikiwa bado nzuri. Wanakuja kukaa tu. Wanaumia na bado wanarudi. Nikikukosa wewe, nitasimamia nini? Viti?"

Nikasema sabuni imeniingia machoni.

"Na Mama," akasema, "leo ametoka tena bila kitambaa. Mwaka mzima mimi namsihi, simwezi. Wewe umeifokea kamera tu." Akanigusa bega kwa mkono wa maji. "Ahsante, Wifi."

Sabuni ile ilikuwa kali. Iliingia hadi puani.

Nilitaka usimamizi, nimekosa. Wala siumii nilivyodhani nitaumia. Nimepewa kiti nilichokuwa nakikalia siku zote, na leo nimekikalia kwa raha kama kipya.

Jumatatu, 24 Machi

Picha ya pili imefika, tumeitundika kwenye ule msumari, kalenda tumeitupa. Kila anayeingia anasimama kuitazama kabla ya kukaa. Nimeapa mbele yake kwamba mipango ya chinichini basi. Basi kabisa! Nina mume, nina Mama, nina Wifi ambaye wengine wangemtafuta kwa tochi. Binadamu atake nini tena? Niliamka na moyo mweupe, ukakaa mweupe hadi saa ya chai.

Saa ya chai nikaona foleni. Kumbe ofisi ya pasipoti imehamia jengo la pili kutoka letu! Foleni imezunguka kona, na wote wanaulizana wapi pa kupigia picha. Foleni nzima, na mimi hapa nina kamera!

Wifi alikuwa amekwenda kuagana na Tajiri, kwa hiyo sikupata wa kumuuliza, na nashukuru, kwa sababu nataka iwe zawadi kwake. Msimamizi mpya anarudi anakuta biashara mpya! Nimeandika kibao kwa rangi ya kucha nyekundu: PICHA ZA PASIPOTI, PAPO HAPO. Nimekiegemeza mlangoni. Nimetundika shuka jeupe la kuwafunika wateja wa kuosha nywele liwe pazia.

Mteja wa kwanza amekwisha hudumiwa. Bwana mmoja wa suti, ana haraka sana, anasafiri kesho alfajiri. Nimemwambia atulie, mashine hii ni ya heshima, hufikiri kwanza. Akatulia. Ikafikiri. Akatazama saa. Ikafikiri. Ilipolia kacha alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, lakini nadhani upara wake umetoka vizuri sana.

Nimemwambia picha zitakuwa tayari Alhamisi. Akanikodolea macho. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, hakuna neno lililotoka. Watu wengine ndivyo walivyo. Shukrani huwakaba kooni.